UZI: Bunge la Minnesota na namba 68. Kiti kimoja tu, na jimbo zima likasimama

Mkaa Barafuni (mleta mada):

Wakuu, habari zenu. Nimetoka zamu ya usiku, usingizi umegoma, na theluji huko nje imefunika matairi ya gari. Nimechemsha chai yangu ya tangawizi, leo niulete huu uzi ninaouahidi tangu Juni.

Wengi wetu tukisikia "bunge la Marekani" akili inakwenda Washington. Lakini kila jimbo lina bunge lake, na kwa mtu kama mimi ninayeishi Brooklyn Park, lile bunge la Minnesota, pale St. Paul, ndilo linaloingia ndani ya nyumba yangu. Leseni ya udereva bila kuulizwa karatasi za uhamiaji walipitisha wao, Machi 2023. Watoto wote wa shule kula bure asubuhi na mchana, wao tena, mwezi uleule.

Kwanza tuelewane lugha. Bongo "jimbo" ni la mbunge. Humu nikisema jimbo ni Minnesota nzima. Sehemu anayowakilisha mtu mmoja nitaazima neno la Wakenya, eneo bunge. Nisije nikaulizwa tena ukurasa wa tatu.

Bunge lina nyumba mbili. Seneti ina viti 67, hakuna jimbo lingine Marekani lenye seneti kubwa kuliko hiyo. Baraza la Wawakilishi lina viti 134, yaani mara mbili kamili, kwa sababu kila eneo la seneta limekatwa vipande viwili, A na B. Mimi nipo 34B. Ukishajua hiyo namba moja umeshawajua watu wako wawili. Mwakilishi mmoja ana watu kama 42,600 hivi. Kuna kata za Dar zina watu zaidi ya hao.

Wawakilishi wanarudi kwa wananchi kila miaka miwili. Yaani hajakaa vizuri kwenye kiti, tayari anagonga mlango wako tena. Maseneta ni miaka minne, ila mara moja kila muongo wanapewa miwili, ili sensa ikishafanyika Seneti nzima iingie uchaguzini kwa mipaka mipya. Mipaka ya sasa bunge lilishindwa kukubaliana, ikabidi jopo la majaji watano wachore wao, wakaitoa Februari 15, 2022.

Chama cha Democratic huku kinaitwa DFL, kwa sababu mwaka 1944 kiliungana na chama cha wakulima na wafanyakazi, na hilo jina wamegoma kuliacha. Wapinzani wao ni Republican.

Sasa shika namba moja tu, 68. Katiba ya Minnesota inasema akidi, yaani idadi ya wajumbe wanaotakiwa kuwepo ili kikao kiwe halali, ni zaidi ya nusu, na muswada haupiti mpaka upate zaidi ya nusu ya wajumbe wote, siyo waliohudhuria. Nusu ya 134 ni 67, kwa hiyo 68. Uchaguzi wa Novemba 2024 ukaleta DFL 67, Republican 67.

Naweka nukta, nikaongeze maji kwenye chai. Nakuja.

Kipanga wa Kitaa:

Nimeweka kambi. Mkuu usitukimbie kama ule uzi wako wa green card.

Dada Temeke:

Sitini na saba kwa sitini na saba?? Hawakuweka namba witiri kwa nini jamani? Hata kamati ya harusi tunaweka watu tisa.

Mkaa Barafuni:

Dada, hilo swali hata wao wanajiuliza. Ilishawatokea 1979, namba zilezile 67 kwa 67, na hawakubadilisha kitu.

Twende. Baada ya uchaguzi viongozi wa pande mbili, Melissa Hortman wa DFL, aliyekuwa Spika tangu 2019, na Lisa Demuth wa Republican, walikaa wakaanza kupanga namna ya kugawana madaraka. Kamati moja wenyeviti wawili, kila kitu nusu kwa nusu. Mambo yalikuwa yanakwenda vizuri.

Kikaja kiti cha 40B, pande za Roseville. Mgombea wa DFL, Curtis Johnson, alishinda kwa mbali sana, siyo ushindi wa kubishaniwa. Tatizo katiba inataka mgombea awe ameishi ndani ya eneo bunge miezi sita kabla ya uchaguzi. Yeye nyumba ya familia ilikuwa Little Canada, nje ya mpaka, akapanga apatimenti Roseville. Watu wa upande wa pili wakawa wanaipiga chabo ile apatimenti miezi na miezi, nani anaingia, nani anatoka. Wakaenda mahakamani. Desemba 20, 2024 jaji akasema huyu hakuwa anaishi hapo. Wiki moja baadaye akaachia kiti kabla hata ya kuapishwa.

Sasa 67 kwa 66.

Mwanasheria Uchwara:

Hapo ndipo utamu wa kisheria unapoanza. Akidi ni zaidi ya nusu ya viti au zaidi ya nusu ya watu waliopo hai na wenye sifa? Kama ni viti, 68. Kama ni watu 133, basi 67 wanatosha. Republican walichukua tafsiri ya pili?

Mkaa Barafuni:

Mkuu umeipiga kichwani. Ndicho hasa walichodai.

Na DFL wakajibu kwa kususia. Jumapili ya Januari 12, 2025 wakaapishana wenyewe kwenye jengo la makumbusho ya historia pale St. Paul, na jaji mstaafu akiwasimamia, kimyakimya. Januari 14 kikao kinafunguliwa, upande wao viti vitupu. Steve Simon, msimamizi mkuu wa uchaguzi wa jimbo, ambaye kisheria ndiye anaongoza mpaka Spika apatikane, akahesabu watu 67, akasema akidi haijatimia, akaahirisha, akaondoka. Republican hawakuondoka. Wakaendelea na kikao, wakamchagua Demuth kuwa Spika, wakaanza kazi.

Wakuu, kwa siku kama kumi Minnesota ilikuwa na Spika ambaye nusu ya jimbo linasema siye. Kazini kwetu wazee tunaowahudumia walikuwa wanabishana mpaka chakula kinapoa. Bibi mmoja ana miaka 91, aliniita akaniambia, "Wewe umetoka Afrika, hebu niambie, haya mambo kwenu yapo?" Nikamwambia bibi kula mchicha wako kwanza.

Januari 24 Mahakama ya Juu ya Minnesota ikaamua kuwa akidi ni 68, maana viti ni 134, kiti kikiwa wazi bado ni kiti. Yote yaliyofanyika bila watu 68 yakawa kama hayakufanyika.

Mzee wa Kibanda:

Kwetu upinzani wakisusia kikao kinaendelea na wanaobaki wanapiga makofi. UKAWA walitoka Bunge la Katiba mwaka 2014, waliobaki wakamaliza rasimu yao bila wasiwasi. Huko wenzetu mtu mmoja akikosekana wote mnakaa.

Mwanasheria Uchwara:

Mzee, pale waliobaki walikuwa bado wanatosha idadi, au walisema wanatosha. Tusiufungue huo mjadala hapa, uzi utahamishwa jukwaa.

Nyamira Ndani ya Barafu:

Wadau salama? Mimi pia niko Minnesota, eneo bunge 38A, jirani yake mleta mada. Naona mnaongea bila kumtaja dada yetu. Huldah Momanyi Hiltsley, nyumbani kwao ni Nyamira, akaja huku akiwa mtoto, Novemba 2024 akachaguliwa kuwa mwakilishi wetu. Ndiye mzaliwa wa Kenya wa kwanza kuingia bunge la Minnesota. Ile usiku ya matokeo nyumbani kwetu simu hazikulala, hadi shangazi yangu aliyeko Keroka alipiga kuuliza kama sasa tutapewa barabara.

Nikamwelezea, shangazi, huyu si Mheshimiwa wa Nairobi. Kwa idadi ya watu ni kama MCA, yaani diwani wa kwetu Kenya, lakini kwa nguvu ana meno ya mbunge. Bajeti, kodi, sheria za jinai, shule, hospitali, yote anapigia kura.

Na hebu fikiria bahati yake. Umepigana kampeni mwaka mzima, umeshinda, halafu wiki tatu za kwanza hukanyagi ukumbini kwa sababu chama kimesusia!

Mkaa Barafuni:

Hahaha, ndugu yangu, nilikuwa nakuja huko. Karibu sana. Hata hivyo huku kwetu 34B tulikuwa na Hortman mwenyewe, kwa hiyo msitutambie.

Dada Temeke:

Kwani kwa nini walisusia, si wangeingia tu wapige kura ya hapana?

Mkaa Barafuni:

Kwa sababu ya Shakopee, dada. Eneo 54A. Hii ndiyo sehemu ninayoipenda kuliko zote.

Brad Tabke wa DFL alimshinda mpinzani wake kwa kura 14. Kumi na nne! Halafu ikagundulika kuna kura 20 za waliopiga kabla ya siku ya uchaguzi hazikuhesabiwa na hazionekani, huenda zilitupwa zikiwa bado ndani ya bahasha zake. Tofauti 14, zilizopotea 20. Republican wakasema uchaguzi ni batili. DFL wakaogopa kwamba wakiingia ukumbini na kutimiza akidi, wale 67 wangetumia wingi wao kumkatalia Tabke kiti.

Mwanasheria Uchwara:

Mahakama ilifanyaje? Kura ni siri, huwezi kujua hizo 20 zilikuwa za nani.

Mkaa Barafuni:

Waliwajua wapiga kura wenyewe, maana majina ya waliorudisha bahasha yapo. Sita wakaja mahakamani kwa hiari wakasema tulimpa Tabke. Sasa fanya hesabu ya darasa la pili. Kura 14 za mbele, jumlisha 6, ni 20. Zimebaki karatasi 14. Mpe mpinzani zote 14, bado Tabke anamzidi 6. Jaji akasema ameshinda. Siku ileile ya Januari 14.

Mahakama kuruhusu mtu kusimama na kusema kura yake hadharani ili kiti kiokoke, hiyo sijawahi kuiona popote.

Kipanga wa Kitaa:

Kura 14 ni watu wa daladala moja, tena haijajaa.

Mzee wa Kibanda:

Na wakati wamesusia mshahara unaingia? Tuambie ukweli.

Mkaa Barafuni:

Mshahara wakati ule ulikuwa dola 51,750 kwa mwaka, na ulikuwa unaingia, na Republican waliwapigia kelele kweli kuhusu hilo. Kwa maisha ya huku si hela ya kutisha, mimi na overtime yangu nawakaribia. Wengi wana kazi zao nyingine, walimu, wakulima, mawakili, kwa sababu bunge lina siku 120 tu za vikao kwa miaka miwili na Mei lazima wafunge. Halafu hawajipangii mshahara. Tangu wananchi walipopiga kura 2016 kubadilisha katiba, kuna baraza la raia ndilo linapanga.

Mzee wa Kibanda:

Hiyo ya mwisho rudia taratibu, kuna watu Dodoma wanasoma.

Mkaa Barafuni:

😂😂 Tuendelee kabla sijalala.

Februari 6 wakarudi baada ya makubaliano. Demuth anakuwa Spika kwa kipindi chote hata wakifungana tena, ndiye mtu mweusi wa kwanza kukalia kile kiti. Tabke haguswi. Kamati zinakuwa na wenyeviti wawili 40B ikijazwa, isipokuwa ile ya kuchunguza ubadhirifu, hiyo Republican wakabaki na wingi. Machi 11 David Gottfried akashinda 40B, wakarudi 67 kwa 67.

Seneti nayo ilikuwa na misiba yake. Kari Dziedzic alifariki kwa saratani Desemba 27, 2024, ikawa 33 kwa 33, nao wakawa na marais wawili wa Seneti kwa muda mpaka kiti kikajazwa Januari 28. Halafu seneta mmoja wa Republican akakamatwa kwa kesi ya aibu inayomhusu mtoto, akajiuzulu Machi. Mwingine wa DFL alitiwa hatiani Julai kwa kuvunja nyumba ya mama yake wa kambo usiku, naye akaondoka. Mwingine wa Republican akafariki mwezi huohuo. Sijawahi kuona bunge lenye uchaguzi mdogo mwingi namna hii.

Sasa nifike pale ambapo uzi huu ulitakiwa kuanzia.

Mei ikaisha bila bajeti. Juni 9 wakaitwa kikao maalumu cha siku moja, wapitishe bajeti ya kama dola bilioni 66, la sivyo Julai 1 ofisi za jimbo zinafungwa. Sharti kubwa la Republican lilikuwa watu wazima wasio na makaratasi waondolewe kwenye bima ya afya ya jimbo, MinnesotaCare. Walikuwa wameingizwa Januari hiyohiyo. Bima hiyo mnaielewa wakuu mlioko huku. Jirani yangu wa chini, mtu wa nchi za kusini ya Marekani huko, alikuwa ameanza kusafishwa figo kwa ile kadi.

Republican wana 67. Muswada unataka 68. Hakuna mtu wa DFL anayetaka kuugusa.

Hortman ndiye aliyebonyeza kitufe cha ndiyo. Peke yake katika chama chake. 68 kwa 65. Alikuwa kiongozi, ndiye aliyekubali yale makubaliano ili jimbo lisifungwe, hakumsukuma mwingine akabebe. Baadaye aliongea na waandishi akitokwa na machozi. Mimi nilimkasirikia. Naandika hapa wazi, nilimkasirikia sana, nilimwambia mke wangu mama huyu simpi tena kura yangu.

Jumamosi ya Juni 14 natoka zamu, saa kumi na mbili kasoro asubuhi, simu inalia ile sauti mbaya ya tahadhari. Kaeni ndani. Kuna mtu amevaa kama polisi. Msimfungulie askari aliye peke yake, polisi wa kweli wanatembea wawili wawili, piga 911 uhakikishe kwanza. Napiga nyumbani, mke anaongea kwa kunong'ona, amezima taa, amewaweka watoto kwenye kabati la nguo. Mtaa wetu haukuwa mbali na ule uwanja wa gofu waliokuwa wanautaja. Sikuruhusiwa kupita. Nikakaa kwenye maegesho ya kituo cha mafuta mpaka saa tano, bado na yunifomu ya kazini.

Melissa Hortman na mumewe Mark walikuwa wameuawa nyumbani kwao. Kabla ya hapo, kule Champlin, walipigwa risasi Seneta John Hoffman na mkewe Yvette, wakapona. Hoffman ndiye seneta wetu, 34. Yaani kwa usiku mmoja watu wangu wawili, yule wa A-na-B na yule wa B, niliowataja pale juu kama mchezo wa namba.

Mtuhumiwa alikamatwa kesho yake usiku baada ya msako mkubwa kuliko wowote uliowahi kufanyika jimboni. Juni 27 mwili wa Hortman ukalazwa bungeni, mwanamke wa kwanza kupewa heshima hiyo Minnesota. Nilipanga foleni. Pembeni ya jeneza lake lilikuwepo la mumewe, na kopo lenye majivu ya mbwa wao Gilbert, aliyejeruhiwa usiku ule. Mbele yangu kulikuwa na mama Mmarekani mwenye jezi ya timu ya hoki, nyuma yangu mzee wa Kiliberia na fimbo yake. Hakuna aliyekuwa anaongea.

Dada Temeke:

Pole sana kaka. Nimesoma hapo kwenye kabati la nguo nikasimama kidogo.

Kipanga wa Kitaa:

Pole mkuu. Sikujua ndiyo ule uliosema Juni unataka kuuandika.

Nyamira Ndani ya Barafu:

Poleni. Sisi 38A tulikuwa tumejifungia vilevile. Mtoto wangu wa miaka saba hadi leo polisi akipita mtaani anauliza wako wangapi.

Mimi kuhusu ile kura tulitofautiana na wewe hata wakati ule, ndugu. Ofisi zingefungwa, hospitali za kaunti, malipo ya nyinyi mnaohudumia wazee, yote yangesimama. Mtu mzima alikubali jambo mezani, akaenda kulitimiza yeye mwenyewe.

Mkaa Barafuni:

Najua. Yule jirani wa chini bima ilipangiwa kuisha Desemba 31, 2025. Watoto wake wamebaki nayo, yeye hapana. Kwa hiyo ukiniuliza mimi bado sijui. Namlilia na bado ile kura inaniuma.

Mwanasheria Uchwara:

Kiti chake kikawaje?

Mkaa Barafuni:

Uchaguzi mdogo Septemba 16. Xp Lee wa DFL akashinda, ikarudi 67 kwa 67. Nilikwenda kupiga kura jioni kwenye ukumbi wa michezo wa shule. Mke wangu ndiyo kwanza amepata uraia, hajajiandikisha, nikadhani tumechelewa. Kumbe Minnesota unajiandikisha palepale siku ya kura, tangu miaka ya sabini. Alikuwa na leseni ya anwani ya zamani na bili ya umeme ya anwani mpya, wakampokea. Hata usipokuwa na karatasi, jirani aliyejiandikisha kwenye kituo hicho anaweza kukuapia kwamba unaishi hapo, mtu mmoja anaapia mpaka wanane. Tukabandikwa vile vistika vyekundu, mwanangu mdogo akalia mpaka akapewa na yeye.

Mzee wa Kibanda:

Kwa hiyo ikabaki 67 kwa 67?

Mkaa Barafuni:

Hapana mzee, ndiyo vituko vyenyewe. Novemba 4 Kaohly Her, mwakilishi wa 64A, akachaguliwa meya wa St. Paul. Siku ileile Amanda Hemmingsen-Jaeger wa 47A akashinda kile kiti cha Seneti cha yule wa mama wa kambo. Wote DFL, wote wameachia viti vya Baraza. Mwisho wa 2025 ikawa 67 kwa 65.

Dada Temeke:

Mungu wangu. Uchaguzi mwingine?

Mkaa Barafuni:

Ulipangwa Januari 27, 2026, yote miwili. Kikao kikapangwa kufunguliwa Februari 17. Na Novemba 2026 viti vyote 201 vinapigiwa kura, Baraza na Seneti kwa pamoja.

Kipanga wa Kitaa:

Mkuu swali la mwisho ukalale. Hao 67 na hao 65, akidi si ni 68 bado?

Mkaa Barafuni:

Bado ni 68.